Nimekariri daftari zima la Baiolojia, mbona swali likigeuzwa kidogo nakwama?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, naishi Ngamiani hapa Tanga. Kidato cha nne nilipata F ya Baiolojia, na mwaka huu narudia kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa sababu nataka kusomea uuguzi. Mchana nauza kanga dukani kwa shangazi, kwa hiyo muda wangu wa kusoma ni saa mbili hadi saa nne usiku. Mtihani ni Novemba, zimebaki wiki kumi.

Daftari la kidato cha kwanza na cha pili nimelikariri lote. Hata ukiniamsha usingizini ukaniuliza maana ya osmosisi nitakutajia: maji kupita kwenye utando kutoka palipo na chumvi au sukari kidogo kwenda palipo na nyingi. Lakini juzi kwenye twisheni tulipewa swali hili: maji ya bahari yameingia kwenye shamba la mpunga, baada ya siku chache mpunga umenyauka ingawa udongo bado umelowa, eleza sababu. Niliandika maana ya osmosisi neno kwa neno, nikapata alama moja kati ya sita. Nilivunjika moyo kwelikweli.

Tena nachanganya kupumua na respiresheni, na mitosisi na meiosisi ndiyo kabisa. Maabara sina pa kuingia. Na kila kitu naelewa kwa Kiswahili, mtihani ni wa Kiingereza. Nirudie daftari tangu ukurasa wa kwanza, au nianzie wapi?

Anayerudia, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Usianze ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza wa daftari nyingi ni maana ya baiolojia, matawi yake na sifa za viumbe hai, mambo ambayo tayari unayo. Ukianzia huko wiki mbili zitakwisha ukiwa bado kwenye uainishaji, na ugonjwa wako hauko huko.

Tuanze na hiyo alama moja kati ya sita, maana ndiyo inayoonyesha ulipokwama. Maana uliyoandika ni sahihi, ila haikutaja mpunga, chumvi wala mzizi. Swali la “eleza” linalipa viungo vya mnyororo, na kila kiungo kina alama yake. Mnyororo wenyewe uko hivi. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 katika kila lita, kwa hiyo maji ya udongo sasa yana chumvi nyingi kuliko utomvu ulio ndani ya seli za vinyweleo vya mzizi. Maji yanatoka ndani ya seli kwenda kwenye udongo kwa osmosisi, yakipita kwenye utando wa seli, ambao unapitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi. Vakuoli, yaani mfuko wa utomvu ndani ya seli, inasinyaa, na saitoplazimu, ule uteute wa seli, inajivuta na kuachana na ukuta wa seli. Mzizi haupati maji ya kupandisha kwenye zailemu, mirija inayopeleka maji juu. Huku juu majani yanaendelea kupoteza maji kwa transpiresheni. Seli za jani zinapoteza ukakamavu, jani linalegea. Hesabu hatua: ni sita, na neno osmosisi limetokea mara moja tu.

Unachokosa basi ni tabia ya kuuliza kila mara maswali matatu: ni kitu gani kinachokwenda, kinavuka mpaka gani, na nini kinakisukuma? Karibu misingi yote ya kidato cha kwanza na cha pili inafunguka kwa maswali hayo: seli, lishe, usafirishaji, kubadilishana hewa, utoaji taka. Kwa hiyo anza na seli na utando wake, kisha vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini), kisha nishati, kisha mgawanyiko wa seli. Mengine yatajipachika juu ya hayo manne.

Kwa osmosisi hauhitaji maabara. Nunua mbatata moja kubwa mbichi. Imenye, kwa sababu ganda lake limeumbwa kuzuia maji. Kata vipande vitatu virefu vyenye urefu wa milimita 50 kila kimoja na unene usiozidi sentimita moja. Andaa glasi tatu za mililita 200. Ya kwanza maji matupu. Ya pili tia robo kijiko cha chai cha chumvi. Ya tatu tia kijiko kizima cha chai kilichosawazishwa, ambacho ni kama gramu 6. Kwa ujazo huo ni sawa na gramu 30 kwa lita, karibu na bahari yenyewe. Ukipenda, chota maji ya bahari pale ufukweni Raskazone utumie hayo. Zamisha kila kipande chote, acha saa moja hadi mbili, kisha toa, futa kwa kitambaa na upime.

Kabla ya rula, tumia vidole. Kipande cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukijaribu kukikunja kitavunjika kwa mlio. Cha glasi ya tatu kitakuwa laini kama kamba ya mpira, kinapinda na hakivunjiki. Ugumu huo ndio ukakamavu wa seli, neno uliloliandika daftarini bila kulishika. Cha glasi ya pili hakibadiliki sana, maana chumvi ya nje inakaribiana na uzito wa utomvu wa ndani. Rula itaonyesha tofauti ya milimita moja hadi tatu hivi, ndogo lakini ya kweli. Igeuze kuwa asilimia: urefu wa mwisho toa wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kipande kilichotoka milimita 50 kikawa 47 kimepungua kwa asilimia 6. Wanaotunga mitihani wanapenda asilimia kwa sababu vipande havilingani urefu mwanzoni, na mara nyingi ndipo wanapouliza “kwa nini.”

Jaribio likikataa, angalia mambo haya: je, mbatata ilikuwa imechemshwa? Joto huua utando, na utando uliokufa hauchagui cha kupitisha. Je, umeacha hadi kesho yake? Kipande kimeanza kuoza. Je, umepima bila kufuta? Hapo kama unatumia mizani umepima maji ya juu ya kipande. Fanya makusudi kipande cha nne cha mbatata iliyochemshwa ukitie kwenye maji ya chumvi, ukilinganishe na kibichi. Ndicho kitakachokuonyesha kwamba mwenye kazi ni utando. Ukuta wa seli unapitisha karibu kila kitu.

Sasa vuka uende kwenye seli ya mnyama, ambayo haina ukuta. Chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu hujaa hadi ikapasuka. Ukiitia kwenye maji ya bahari hunywea. Ndiyo sababu dripu ya chumvi ya hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita, kiasi ambacho chembe haijai wala hainywei. Wewe unayetaka uuguzi, hilo lishike kwa mikono miwili. Na ukitaka kuona mmea ulioshinda tatizo la mpunga, nenda kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, tafuta mchu, aina mojawapo ya mkoko, geuza jani lake siku ya jua kali. Utaona chumvi imekauka juu ya jani kama vumbi jeupe. Ilambe, ni chumvi kweli. Mchu una tezi za kutoa chumvi. Kuitoa hivyo kunagharimu nishati, kwa kuwa chumvi inasukumwa kutoka mahali ilipo kidogo kwenda ilipo nyingi. Hapo umeshapata usafirishaji tendi, na tofauti yake na difyusheni, yaani chembe kusambaa zenyewe kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache bila kuhitaji nishati ya seli, imejieleza.

Vimeng'enya navyo viko jikoni. Kila mama wa pwani anamkanya mtoto asirudishe kijiko alichokilamba kwenye bakuli la uji, maana uji utakuwa majimaji. Hiyo ni amilesi, kimeng'enya kilicho kwenye mate, ikivunja wanga kuwa sukari. Pika uji mzito wa muhogo, ugawe bakuli mbili, uache upoe hadi uweze kuvumilia kidole ndani yake. Bakuli moja tia kijiko kimoja cha mate, koroga. Jingine tia mate yaliyochemshwa dakika tano na kupozwa. Baada ya dakika 20 la kwanza limelegea, la pili limebaki zito. Ukitia mate kwenye uji unaotokota hautapata kitu, na kosa hilo ndilo linalowafanya wengi waseme jaribio ni uongo.

Katika kujibu, usiandike kamwe kwamba kimeng'enya “kimekufa.” Kimeng'enya ni protini, hakikuwa hai. Joto kali linabadilisha umbo lake, na pale mahali ambapo chakula kilikuwa kinanasa hapanasi tena. Baridi haiharibu umbo, inapunguza kasi tu. Ndiyo maana samaki akitolewa kwenye barafu anaendelea kuharibika. Ukichora mchoro wa kasi dhidi ya joto, mkono unaopanda una sababu yake (chembe zinakwenda kwa kasi na kugongana zaidi) na mkono unaoshuka baada ya nyuzi 40 hivi una sababu nyingine kabisa. Andika zote mbili. Asidi nayo ni hivyohivyo: amilesi ya mate hufanya kazi vizuri karibu na pH 7, pepsini ya tumboni karibu na 2, kwa hiyo kazi ya amilesi husimama chakula kikishafika tumboni.

Kuhusu kupumua na respiresheni, lawama si yako peke yako. Kiswahili chetu cha kila siku kinatumia “kupumua” kwa mambo yote mawili. Jiwekee utaratibu: “kuvuta na kutoa pumzi” ni kazi ya misuli, mbavu na kiwambo, inaingiza hewa mapafuni. Respiresheni ni kuvunja glukosi ndani ya seli ili kupata nishati, sehemu yake kubwa hufanyika kwenye mitokondria, vijisehemu vilivyo ndani ya seli. Mbuzi anavuta pumzi. Mnazi hauvuti, ila seli zake zote zinafanya respiresheni usiku na mchana. Hapo wengi wanapoteza alama wakiandika kwamba mimea hufanya usanisinuru mchana na respiresheni usiku. Mchana inafanya yote mawili. Kwenye mwanga wa kutosha usanisinuru unazidi, ndiyo maana tunaona oksijeni ikitoka. Usiku inabaki respiresheni peke yake.

Milinganyo miwili iandike ukurasa mmoja, mmoja juu ya mwingine: molekuli 6 za kabonidayoksaidi na 6 za maji, kwa nishati ya mwanga na klorofili, hutoa glukosi moja na molekuli 6 za oksijeni. Wa pili usome kinyume, ila nishati inayotoka humo haitoki kama mwanga. Bila oksijeni kuna njia mbili, zisichanganywe: hamira hutoa alkoholi na kabonidayoksaidi, nayo ndiyo inayoumua maandazi na kuugeuza utomvu mtamu wa mnazi kuwa tembo, misuli yetu ikikosa oksijeni ya kutosha hutoa asidi ya laktiki, na hapo hakuna kabonidayoksaidi.

Mitosisi na meiosisi, namna mbili za seli kugawanyika, zishike kwa nyuzi, nawe hauwezi kukosa nyuzi dukani. Kata ndefu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, na fupi mbili vilevile. Nyekundu zimetoka kwa mama, nyeupe kwa baba. Hiyo ni seli yenye kromosomu nne, kila uzi ukiwa kromosomu moja inayobeba sifa za urithi. Kila uzi uongezee pacha wake wa rangi na urefu uleule, uwafunge pamoja kwa fundo katikati. Bado kromosomu ni nne, maana tunahesabu mafundo. Hapo ndipo wengi wanapoandika nane.

Kwa mitosisi, panga mafundo yote manne katika mstari mmoja, fungua kila fundo, pacha mmoja huku mwingine kule. Umepata seli mbili, kila moja nyuzi nne, sawasawa na mama yao. Rudi mwanzo, sasa meiosisi: kwanza ndefu nyekundu ikae ubavuni mwa ndefu nyeupe, fupi kwa fupi. Watenganishe bila kufungua mafundo. Kila upande una mafundo mawili: idadi imeshapungua nusu, katika mgawanyiko huu wa kwanza. Ndipo unafungua mafundo katika mgawanyiko wa pili, na seli zinakuwa nne, kila moja nyuzi mbili. Rudia ukigeuza fupi upande wa pili, uone mchanganyiko wa rangi unavyobadilika. Hiyo ni sababu moja ya ndugu wa tumbo moja kutofanana. Kwa binadamu ni 46 kuwa 23. Fanya mara tatu au nne, mpaka vidole vikumbuke.

Mfano wa mitosisi unaoufahamu ni mkonge. Juu ya mlingoti wake, baada ya maua, huota miche midogo inayodondoka na kupandwa. Imetokana na mitosisi, haina baba, ni nakala ya mama. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoagiza miche ya mkonge kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, na mashamba makubwa ya Tanga yalianzia hapo. Swali la mtihani linaweza kuuliza faida na hasara ya uzazi wa aina hiyo. Faida: sifa nzuri haipotei, mmea mmoja unatosha. Hasara: ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuua shamba zima, kwa kuwa wote wana kinga moja.

Uainishaji upe siku tatu, usizidishe. Himaya tano, ngazi saba kutoka himaya hadi spishi, na namna ya kuandika jina la kisayansi: jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, na kwa mkono unapigia mstari kila neno peke yake. Mnazi ni Cocos nucifera; silikanti, samaki wa bahari yetu, ni Latimeria chalumnae. Virusi haviko katika himaya yoyote kati ya hizo tano.

Kwa majaribio ya chakula ambayo hauwezi kufanya nyumbani, jifunze kuandika jedwali lake, maana alama nyingi hupotea kwenye uandishi. Safu nne: kinachopimwa, utaratibu, kilichoonekana, hitimisho. Wanga: matone mawili matatu ya iodini kwenye mililita 2 za chakula, rangi ya kahawia inageuka bluu nyeusi. Sukari rahisi: mililita 2 za chakula na 2 za kimiminika cha bluu kiitwacho Benedict, chemsha ndani ya maji yanayochemka, bluu inapita kijani, njano, chungwa hadi nyekundu ya matofali. Sukari ya mezani haitajibu hivyo mpaka uichemshe kwanza na asidi ya haidrokloriki, uizimue asidi kwa magadi ya maabara, ndipo utie Benedict. Ukisahau kuzimua, jaribio linakwama. Protini: mililita 1 ya sodiamu haidroksaidi, kisha matone machache ya kopa salfeti, tikisa, zambarau. Hii haichemshwi.

Katika safu ya kilichoonekana usiandike “wanga upo.” Macho hayaoni wanga, yanaona rangi. Na matokeo yakiwa hasi, usiandike “hakuna mabadiliko”; andika rangi iliyobaki: “bluu ya Benedict ilibaki.” Jaribio la iodini unaweza kulifanya nyumbani kwa iodini ya duka la dawa, matone matano kwenye vijiko viwili vya maji, juu ya muhogo, kitunguu, na ule uji wa mate. Jaribio la kutafuta wanga kwenye jani linataka kuchemsha jani ndani ya spiriti; usilifanye wewe jikoni, mvuke wake unawaka. Litazame likifanywa na mwalimu kwenye twisheni, spiriti ikiwa ndani ya maji ya moto na moto umeshazimwa.

Kiingereza: daftari jipya, ukurasa umegawanywa mara mbili. Kushoto mnyororo wa sababu kwa Kiswahili kama ule wa mpunga, kulia sentensi hizohizo kwa Kiingereza, fupi, wazo moja kila sentensi. Elewa kushoto kwanza, kulia uandike usiku uleule. Anza na maneno ya amri ya maswali, kwa sababu “tofautisha” ukiijibu kwa maelezo mawili yasiyokutana unapoteza alama: kila mstari lazima uwe na pande zote mbili kuhusu jambo lilelile.

Wiki kumi zitoshe hivi: mbili kwa seli na osmosisi, moja kwa vimeng'enya na mmeng'enyo, mbili kwa nishati na kubadilishana hewa, mbili kwa usafirishaji na utoaji taka, moja na nusu kwa mgawanyiko na uzazi, na siku zilizobaki maswali ya miaka iliyopita. Kila usiku dakika 20 za kwanza funga daftari, chora na uandike ya jana kwa kichwa. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Kuchora ni kwa penseli, bila kupaka kivuli, mistari ya majina haina mishale wala haikatani.

Leo usiku anza na mbatata. Vipande vitie majini saa mbili kamili, uvipime saa tatu na nusu, na wakati unasubiri chora seli ya mmea bila kutazama popote, kisha uweke alama ya mshale mahali maji yatakapopita katika kila glasi.